Raporo ikikataa kuchapwa

Ndugu kijana wa biro, raporo ya mishahara ikikataa kutoka, usipige ile mashini ya kuchapa, pengine haina kosa. Chapa kwanza barua ya kawaida. Ikitoka, omba mukubwa aingie kwa jina lake, palepale kwenye ordinatere yako. Kwake inachapwa? Basi shida inaweza kuwa ruhusa: pengine jina lako halikupewa kusoma orodha zote raporo inazokusanya.

Access nayo iko na tabia yake: hata ukisoma tu, inataka kuandika kafaili ka .laccdb ndani ya dosie ileile. Ikikosa, wa kwanza kuingia anaweza kufungia wengine nje.

Lakini neno la siri la mukubwa usiliazime! Mushahara wa mutu ukibadilishwa, mtaulizwa wote wawili. Omba ruhusa kwa jina lako mwenyewe.