Kitimoto imeiva, je, kachumbari imeoshwa?

Juni ikifika Buigiri, baridi ya jioni huuma. Mtama na uwele vimeshavunwa, na watoto wakirudi shule hawabanduki jikoni. Ndizo siku ambazo mama aliyeuza alizeti kidogo huamua: leo tunakula kitimoto.

Kilo moja na nusu inawatosha watu sita, ilimradi ugali usiwe wa kubana. Kata nyama vipande vidogo, nusu ya kiberiti hivi. Itie kwenye sufuria na chumvi, tangawizi na kitunguu swaumu vilivyotwangwa, mimina maji yaifunike, kisha funika na uache ichemke taratibu kama saa nzima. Hapa ndipo haraka inapoharibu mambo, maana harufu hutangulia kuiva. Pasua kipande kikubwa kuliko vyote: kikiwa na wekundu ndani, bado. Maji yakikauka, nyama itatoa mafuta yake; ikaange humo humo hadi iwe ya kahawia, ndipo uweke kitunguu, nyanya na hoho. Ndimu inaleta ladha tu. Haiivishi nyama, hata ukiiloweka usiku kucha.

Saa nzima hiyo ni kwa ajili ya tegu. Nguruwe anayezurura akala kinyesi cha mtu mwenye minyoo hiyo hupata vifuko vyeupe kwenye nyama, vidogo kama punje ya mchele au zaidi kidogo. Mtu akila nyama hiyo bila kuiva, tegu hukua tumboni mwake na anaweza kufikia mita kadhaa. Kwa hiyo nunua kwenye bucha ambako nyama imepigwa muhuri wa mkaguzi, na ukiona vifuko hivyo, usichukue, hata bei ikishuka nusu.

Lakini wazazi wengi huishia hapo, na hapo hapatoshi. Mtu mwenye tegu hutoa mayai anapokwenda chooni. Asiponawa mikono kwa sabuni, mayai hayo huhamia kwenye chakula anachoshika. Asipotumia choo, huishia kwenye bustani ya mboga na kwenye maji. Mwingine akiyameza, hayawi tegu tumboni. Viluwiluwi vyake husafiri kwa damu na kujikita kwenye misuli, macho, hata ubongo. Mtoto anaanza kuanguka kifafa, na nyumbani wanasema ni pepo au amelogwa. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, katika nchi ambako ugonjwa huu umeenea, karibu asilimia 30 ya wagonjwa wa kifafa wameupata kwa njia hii.

Maana yake, hata familia isiyogusa nguruwe kabisa inaweza kupata kifafa hicho. Na kwenye sinia la leo, nyama iliyochemka saa nzima huenda ndiyo salama kuliko vyote. Wa kuulizwa ni kachumbari: nyanya na kitunguu vimeoshwa kwa maji gani, na aliyekata alinawa lini?

Mtu akiona vipande vyeupe bapa kwenye choo chake, aende zahanati, asinunue dawa dukani kwa kubahatisha. Baadhi ya dawa za tegu zinaweza kuamsha kifafa kwa mtu ambaye tayari ana vifuko kwenye ubongo. Mtoto aliyeanguka naye apelekwe hospitali. Kifafa kina dawa, na akizitumia vizuri anaendelea na masomo.

Jioni hii basi, kabla ya kusonga ugali wa uwele, ndoo ya maji na sabuni vikae mlangoni, na anayetoka chooni apitie hapo kwanza. Mchicha upikwe. Nyanya zioshwe kwa maji safi yanayotiririka, moja moja. Baba akichelewa kutoka Dodoma mjini, nyama yake ifunikwe, na akifika ipashwe hadi ifuke moshi.