Mnunuzi wa Runinga Asiombe Ruhusa ya Mtandao Kuiwasha

Katika chumba cha walimu cha shule moja ya sekondari hapa Mpanda ipo runinga ya inchi 43 ambayo kwa muda wa wiki tatu ilikuwa ikiwaka bila kuonyesha kitu chochote isipokuwa ukurasa mmoja. Ukurasa huo ulimtaka mtazamaji achague mtandao wa Wi-Fi. Aliyechagua aliulizwa neno la siri. Aliyeandika neno la siri aliambiwa asubiri. Na aliyesubiri alirejeshwa palepale alipoanzia. Sisi walimu tulioichangia runinga hiyo kutoka katika mishahara yetu tuliitazama kila asubuhi kama mtu atazamavyo mlango wa nyumba yake mwenyewe uliofungwa kwa ndani.

Kisa hiki chaweza kuonekana kidogo. Lakini runinga za aina hii, ziitwazo runinga janja, zimekwisha kuenea katika ofisi na shule za Mkoa wa Katavi, kuanzia Manispaa yetu hadi Inyonga, Majimoto na Karema. Hapana shaka wapo wasomaji waliokwisha kukutana na ukurasa huo, na wapo watakaokutana nao kabla mwaka haujaisha. Yafaa basi jambo hili lielezwe waziwazi, kwanza kwa faida ya mtu aliyekwama, na pili kwa sababu ndani yake limo suala la haki ya mnunuzi ambalo wakubwa wanaohusika hawana budi kulitazama.

Chanzo cha mkasa wetu kilikuwa cha kawaida kabisa. Mwenzetu aliyeifungulia runinga akaunti alihamishwa, akaondoka na neno la siri. Mwalimu mmoja kijana, wa ajira mpya, akaona njia ya mkato ni kuiamuru runinga irudi katika hali iliyotoka nayo kiwandani. Nia yake ilikuwa njema. Runinga ilitii, ikafuta akaunti, ikafuta stesheni, ikafuta lugha, ikafuta hata tarehe. Ilipowaka tena ilikuwa kama mtoto aliyezaliwa leo, na jambo la kwanza ililolidai ni mtandao.

Fundi aliitwa. Aliifungua nyuma, akatikisa kichwa, akasema bodi imekufa na kwamba bodi mpya ni shilingi 180,000. Kikao cha walimu kikaamua kwamba kijana yule alipe gharama hiyo kwa awamu tatu. Mimi pia niliunyosha mkono wangu kuunga mkono uamuzi huo, jambo ambalo sasa naliona aibu, maana hakuna hata mmoja kati yetu, pamoja na digrii zetu, aliyejisumbua kuuliza bodi iliyokufa inawezaje kuchora ukurasa ulionyooka na kuipokea kila amri ya rimoti.

Bodi haikuwa imekufa. Runinga ilikuwa na matatizo mawili madogo, na kila moja lina maelezo yake.

La kwanza ni masafa. Wi-Fi ya kawaida husafiri katika masafa ya gigahezi 2.4 au ya gigahezi 5. Simu nyingi mpya zinaweza kurusha kwa yote mawili, ambapo runinga nyingi za bei ya wastani husikia yale ya 2.4 peke yake. Simu ikirusha kwa gigahezi 5, runinga hiyo haitaliona jina lake hata ukiiweka simu juu ya kioo chake. Kwa kuwa hapa kwetu wengi hawana ruta na hutegemea bando la simu, kosa hili ni la kila siku. Dawa yake imo katika simu yenyewe, katika ukurasa ule wa kugawa intaneti: chagua gigahezi 2.4. Hali kadhalika, simu ikiwa imewekwa kwenye ulinzi mpya uitwao WPA3, runinga ya zamani kidogo huukataa muungano. Irudishe simu kwenye WPA2. Jambo hilo ni la dakika moja.

La pili ndilo lililotushinda kwa wiki tatu, nalo ni tarehe. Runinga yetu ilipofutwa, saa yake ilirudi nyuma miaka mingi, ikaamini kwamba tuko mwaka 2015. Basi ieleweke kuwa vyombo hivi, kabla ya kuzungumza na mtambo wowote ulio ng'ambo, hudai kwanza kuonyeshwa cheti cha kuthibitisha kwamba mtambo huo ndio wenyewe na si wa tapeli. Kila cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Mlinzi wa getini anayeamini kuwa leo ni 2015 akionyeshwa kitambulisho kilichotolewa mwaka huu atasema ni cha kughushi, na kwa elimu aliyo nayo atakuwa amefanya kazi yake sawasawa. Ndivyo ilivyokuwa runinga yetu. Iliunganishwa na simu vizuri kabisa, ikaandika kwamba hakuna intaneti, ikarudi mwanzo. Kwa kawaida chombo husahihisha saa yake kwa kuuliza mtandaoni, lakini hicho kinachohitaji saa ili kiingie mtandaoni, na mtandao ili kipate saa, kimefungwa na kamba mbili zinazovutana.

Aliyeifungua kamba hiyo hakuwa fundi wala mwalimu wa fizikia. Alikuwa karani wetu, aliyekuwa na subira ya kushuka na rimoti hadi mwisho kabisa wa orodha ya mitandao, chini ya majina ya simu za majirani, akakuta maneno madogo ya rangi ya kijivu yaliyomruhusu kuiruka hatua hiyo. Akaruka. Runinga ikafunguka. Akaingia kwenye mipangilio, akaiandika tarehe kwa mkono, akachagua saa za Afrika Mashariki, kisha ndipo akaiunganisha na simu. Shughuli yote haikufika robo saa.

Katika baadhi ya aina maneno hayo hayaonekani mpaka mtu achague mtandao, kisha abonyeze kitufe cha kurudi nyuma mara kadhaa. Katika nyingine mtu huulizwa mwanzoni kabisa kama ataka runinga ya kawaida, naye akubali. Na penye ruta, waya wa mtandao uliochomekwa nyuma ya runinga huimaliza kazi ya masafa na maneno ya siri kwa pamoja, ingawa ile ya tarehe hubaki. Isitoshe, kabla ya yote hayo, chomoa runinga ukutani kwa dakika chache, si kuizima kwa rimoti. Mji wetu uliwashwa kwa majenereta ya dizeli kwa miaka mingi na tunazijua tabia za umeme unaokatika. Umeme ukikatika wakati runinga inaandika programu mpya, kweli inaweza kuharibika, na hapo fundi atakuwa amesema kweli. Runinga isiyovuka nembo ya kampuni ni mgonjwa. Inayokuuliza maswali bado ni nzima.

Sasa nije kwenye shabaha ya makala haya. Runinga ile tuliinunua kwa kazi mbili: kuonyesha matangazo yanayoletwa na king'amuzi, na kuwaonyesha wanafunzi masomo yaliyohifadhiwa katika flashi. Kazi zote mbili hazihitaji intaneti hata chembe. King'amuzi kilikuwa kimechomekwa, flashi ilikuwa mezani, umeme ulikuwepo, na wanafunzi wa Kidato cha Nne walikuwa wakingoja. Tujiulize basi: ni kwa haki gani chombo kilicholipiwa fedha taslimu kinakataa kufanya kazi ambayo kina uwezo wa kuifanya, eti mpaka kwanza kizungumze na mwenye kiwanda?

Watu wa umri wangu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambapo watu wazima wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi vijijini kuzunguka redio, wakasikiliza, wakajadili, kisha wakachimba vyoo. Redio zile zilidai betri tu. Kijiji kilichokuwa na betri kilikuwa na darasa. Tanzania Bara ilipopata vituo vyake vya kwanza vya televisheni mwaka 1994, chombo kilidai umeme na antena. Kuanzia tarehe 31 Desemba, 2012, mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa, tukaambiwa tununue ving'amuzi. Watu walinung'unika, lakini walielezwa mapema, tena kwa Kiswahili, na sababu ilieleweka. Dai hili la sasa la mtandao halikutangazwa na mtu yeyote. Limeingia nchini ndani ya maboksi. Kijitabu tulichokikuta katika boksi letu kilikuwa na lugha nyingi, na Kiswahili hakikuwamo.

Wala tusidhani kwamba hili ni tatizo la Mpanda kwa sababu Mpanda iko mbali na reli yetu inaishia hapa. Mwezi Machi mwaka 2025 wenye vifaa vya Chromecast vya toleo la pili, ambavyo huchomekwa kwenye runinga, walijikuta katika hali ileile huko Marekani na Ulaya. Vifaa hivyo vilianza kuuzwa mwaka 2015, na cheti kimojawapo kilichowekwa ndani yake kilikuwa cha miaka kumi. Kikaisha muda wake, na vifaa vikaacha kufanya kazi siku ile. Kampuni ya Google iliwasihi wateja wake wasivirudishe katika hali ya kiwandani. Waliokwisha kufanya hivyo walikwama kwenye hatua ya kuvisajili upya, na dawa yao ilichelewa kuliko ya wale waliovumilia. Walikuwa na intaneti ya kutosha, na saa zao zilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa la mwenye kiwanda, na aliyekwama alikuwa mnunuzi.

Nasi tunayo siku yetu ya kukumbuka. Jumapili ya tarehe 12 Mei, 2024, nyaya mbili zilizolala chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikadhoofika nchini kote. Mtu aliyeifuta runinga yake asubuhi ile hakuwa na lolote la kufanya, hata kama ana bando la mwezi mzima, na huku mnara wa matangazo ukiendelea kurusha juu ya paa la nyumba yake.

Yamkini atatokea mtu wa kusema kuwa runinga inahitaji mtandao ili ipate programu za kuilinda na wadukuzi, na kwamba vijana hawana haja nayo bila filamu za mtandaoni. Hoja hiyo ina ukweli, na mimi mwenyewe nimewakuta wanafunzi wakijifunza mambo ya maana sana kutoka huko. Lakini kuombwa si kulazimishwa. Runinga na iombe mtandao hata mara kumi, mradi mwenyewe anaweza kujibu "baadaye" na akaendelea kutazama, na jibu hilo liandikwe kwa herufi kubwa zilizo sawa na za jibu lile jingine.

Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania inayo kazi ya kuidhinisha aina za vyombo vya mawasiliano viingiavyo nchini, na Shirika la Viwango linayo kazi ya kuweka viwango vya bidhaa. Nashauri vyombo hivyo viwili vikae pamoja na kuweka sharti jepesi: runinga yoyote itakayouzwa Tanzania iweze kufanyiwa matayarisho yake yote bila mtandao, iruhusu tarehe iandikwe kwa mkono katika hatua hizo za mwanzo, na iwe na karatasi moja ya maelezo kwa Kiswahili. Sharti hilo halimgharimu mwenye kiwanda chochote cha kumfanya apandishe bei.

Wakati tukingoja hayo, kamati za ununuzi za shule na halmashauri zisitie saini ya kupokea runinga mpaka muuzaji aiwashe mbele yao pasipo simu wala ruta, kisha airudishe katika hali ya kiwandani na kuiwasha tena. Akikataa, wamwachie. Na akaunti ya chombo cha umma isifunguliwe kwa jina la mtumishi ambaye kesho atapewa uhamisho. Ifunguliwe kwa jina la shule, na neno la siri liandikwe katika daftari la makabidhiano pamoja na funguo za maabara.

Yule mwalimu kijana alikuwa amekwisha kulipa awamu ya kwanza, shilingi 60,000. Tulimrudishia kutoka katika mfuko wetu wa chai, kwa kuwa fundi alisema fedha ile ilikuwa malipo ya uchunguzi. Kikao kilichofuata kilimwomba radhi, na ombi hilo likaandikwa katika kumbukumbu za kikao. Kunywa chai, tumeanza tena wiki hii.