Mzigo wa Ujiji na Karatasi Zake

Mwaka 1913, katika mji wa Papenburg nchini Ujerumani, kiwanda cha Meyer kiliunda meli, kisha kikaifumua. Vipande vyake vilifungwa katika masanduku yapatayo 5,000, vikavushwa bahari hadi Dar es Salaam, vikaletwa Kigoma kwa reli. Mafundi watatu wa kiwanda hicho waliandamana na mzigo ili waiunge meli upya. Februari 1915 ikashushwa ziwani kwa jina la Graf von Götzen. Wakazi wa mwambao wa Tanganyika wanaijua kwa jina la baadaye: Liemba.

Nimeikumbuka safari hiyo kwa sababu ya kasha moja tu. Shemeji yangu ni seremala huko Ujiji. Mwaka juzi alipata mnunuzi wa Ulaya aliyeona picha ya kasha lake la mninga, lenye nakshi na pembe za shaba. Wakapatana bei, akatumiwa nusu ya malipo. Shemeji akalifunga kasha ndani ya sanduku la mbao mbichi, akalikabidhi kwa wakala. Lilipofika ng'ambo likazuiwa. Kasha halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la sanduku. Mbao za kufungia mizigo inayovuka mipaka sharti zitibiwe kwa joto au dawa ili kuua wadudu, kisha zipigwe mhuri unaotambulika kimataifa. Wakala alipokea fedha bila kuuliza. Gharama za ghala zikapanda kila siku, mnunuzi akajitoa, na shemeji akakopa ili arudishe nusu aliyokwisha kuitumia. Kasha halikurudi.

Waliomfariji walimwambia kuwa Kigoma ni mbali. Hoja hiyo siikubali. Katika karne ya 19 pembe za ndovu zilitoka Manyema, zikavuka ziwa hadi Ujiji, zikapita Tabora mabegani mwa watu mpaka Bagamoyo na Unguja, na mwisho zikawa vibonye vya piano huko Ulaya na Marekani. Umbali haukuizuia hata pembe moja. Lakini mpagazi aliyejua uzito wake hakujua bei yake. Bei ilijulikana kwa wenye mtaji na hati za mikopo.

Hata leo samaki wadogo wa rangi husafirishwa wakiwa hai kutoka ziwa hili hadi kwenye matangi ya vioo ya wapenzi wao ng'ambo, katika mifuko ya maji iliyojazwa oksijeni. Ikiwa kiumbe anayepumua hufika salama, kwa nini kasha lisilokula wala kupumua lishindwe? Jibu ni kwamba nyuma ya samaki yule yupo mtu anayejua vibali, ratiba za ndege na masharti ya nchi anakokwenda. Nyuma ya kasha la shemeji hakuwapo mtu wa namna hiyo.

Mapatano ya bei yalipaswa kutaja mahali ambapo dhamana ya muuzaji inakoma: melini Dar es Salaam, au bandarini kwa mnunuzi. Yalipaswa kusema nani analipia bima. Hati ya shehena ingepitia benki, ili mnunuzi asiipate kabla ya kulipa. Shemeji alifundishwa kupima, kukata na kupiga msasa. Hayo mengine hakufundishwa na yeyote.

Sasa reli ya kisasa inajengwa kuelekea Kigoma, nami naiunga mkono. Ila kila mjadala wake ninaousikia unahusu shehena kubwa za Kongo na Burundi. Nauliza: mzigo wa fundi mmoja utapandia wapi? Pawepo ghala la ushirika ambamo mafundi, wakamua mawese na wakausha dagaa watachangia kontena moja. Huduma ya kutibu mbao za kufungia ipatikane Kigoma kwenyewe. Vyuo vya ufundi navyo vifundishe biashara ya nje pamoja na randa na patasi. Atakayesema haya ni mambo madogo akumbuke kwamba mhuri mmoja uliokosekana ulimfilisi mtu.

Lawama haiishii serikalini. Shemeji aliniuliza swali moja: “Shemeji, wewe unasomesha watu uchumi, mbona hukuniambia?” Sikuwa na jibu. Kwa miaka mingi nimefundisha nadharia za biashara ya kimataifa, nikachora michoro ubaoni, na sikuwahi kumweleza mwanafunzi hata mmoja habari ya mhuri ule. Papenburg walipotuma meli, walituma na wajuzi wake. Sisi tunatuma mizigo peke yake, na wajuzi tumebaki madarasani.

Kasha la pili liko karakanani. Safari hii tunasoma masharti pamoja, kabla ya msumari wa kwanza kugongwa.