Baraza Likihama, Mgonjwa Ataarifiwa na Nani?

Mei 20, 2025, saa chache baada ya akaunti ya Jeshi la Polisi kudukuliwa, mtandao wa X, ambao wengi wangali wakiuita Twita, ulifungwa nchini Tanzania. Serikali ilieleza kuwa mtandao huo unaruhusu picha za ngono, kinyume cha sheria na maadili ya nchi. Mjadala uliofuata ulihusu siasa zaidi. Machache yalisemwa juu ya madaktari, wafamasia na wagonjwa waliokuwa wamelifanya jukwaa hilo baraza la afya.

Baraza hilo lililazimika kuhama. Njia ya VPN ilikuwepo, lakini tangu Oktoba 2023 TCRA iliwataka watumiaji wake kujisajili, na si kila muuguzi wa zahanati angependa kujiingiza katika shughuli hiyo. Wapo waliohamia Instagram, wapo waliokwenda Telegram. Makundi ya WhatsApp nayo yakapokea wageni. Hasara iko hapo, wala si ndogo. Palipokuwa wazi, mtu akidai kwamba mwarobaini unaponya kisukari, mtaalamu aliweza kumjibu mbele ya kadamnasi, na jibu likabaki kwa yeyote atakayelitafuta. Katika kundi la WhatsApp, ambalo halizidi watu 1,024, dai hilohilo hupita chini kwa chini, na mwenye uwezo wa kulisahihisha huenda hamo.

Mzazi wa mtoto mwenye selimundu aliyeko Mpwapwa au Kongwa ndiye anayeachwa nyuma. Anahitaji kukumbushwa kwamba homa kwa mtoto huyo ni dharura, na kwamba tumbo likivimba ghafla upande wa kushoto, bandama huenda imejaa damu. Simu yake haina nafasi ya programu nyingine, bando lake ni la wiki, na kiungo cha kundi jipya kimemfikia kikiwa kimekwisha muda.

Wala WhatsApp yenyewe si nyumba ya kudumu. Januari 2021 ilipotangaza masharti mapya ya faragha, watu wengi duniani walikimbilia Signal na Telegram. Oktoba 4 mwaka huohuo ilizimika duniani kote kwa takribani saa sita, pamoja na Facebook na Instagram. Tena kuna suala la siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, ilhali jina la kundi pekee hutosha kumtangaza mtu. Anayemwingiza mgonjwa katika kundi la wanaotumia dawa za kufubaza VVU bila kumwomba idhini amekwisha kuitoa siri yake kwa wote waliomo.

Wazazi Nipendeni, iliyoanza mwaka 2012, ilitumia ujumbe mfupi wa bure kupitia namba 15001, na hata simu ya kitochi iliupokea. Namba 199 ya Wizara ya Afya nayo hupigwa bila malipo. Kliniki za nyanda hizi zijenge juu ya msingi wa namna hiyo, na makundi ya mtandaoni yawe nyongeza. Daftari la kliniki ya selimundu liwe na namba ya mzazi, namba ya jirani anayemwamini, na jina la mhudumu wa afya wa kijiji chake, vyote vikihakikiwa kila mtoto anapokuja kuchukua dawa.