Giaboksi Ikigoma na Waranti Ingali Hai



Juma hili nimepokea barua tatu zinazouliza jambo moja kwa maneno mbalimbali, nami nimeona heri nizijibu pamoja. Mmoja wa waandikaji yuko Gerezani, wa pili ana duka Mtaa wa Congo, wa tatu anakaa Ilala. Wote wamenunua motokaa, wote wamepewa karatasi ya waranti, na kwa wote giaboksi imeanza visa kabla karatasi haijamaliza siku zake. Wanauliza: Tumpe fundi wetu wa siku zote, au tumrudie aliyetuuzia?

Mrudieni aliyewauzia, tena upesi, na fundi wenu asiguse hata nati moja. Hilo ndilo jibu fupi. Jibu refu linafuata.

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Hapa Kariakoo wengine husema waranti, wengine dhamana. Dhamana hii si ile ya kumtoa mtu polisi, ingawa nayo yataka maandishi na mdhamini mkweli. Ni ahadi ya muuzaji kwamba kitu fulani kikiharibika katika muda fulani, atakitengeneza yeye kwa fedha yake. Anayenunua gari jipya kabisa kwa wakala wa kiwanda hupewa ahadi ndefu, mara nyingi miaka 3 au kilometa 100,000, lolote litakalotangulia. Lakini magari mengi mnayoyaona yakisukumana pale Msimbazi yametumika Japani kwanza, ndipo yakaletwa kwa meli. Waranti ya kiwanda haikupanda meli pamoja nayo. Mathalan, kampuni ya Nissan ilipata kuongeza waranti ya giaboksi za CVT huko Marekani, kwa magari ya miaka ya 2003 hadi 2010, ikafika miaka 10 au maili 120,000. Ahadi ile ilikuwa ya wateja wa Marekani. Mwenye X-Trail aliyeinunua katika yadi ya Dar es Salaam hawezi kuidai.

Basi lililo mkononi mwa wengi wetu ni karatasi ya yadi: mwezi mmoja, au miezi 3, nayo husema "injini na giaboksi tu". Na aliyeagiza gari mwenyewe kwa mtandao, akamlipa muuzaji aliye Japani, huyo hana yadi ya kurudia. Namwonea huruma, lakini shauri hili halimfai sana.

Sasa, giaboksi inayougua hutoa habari mapema. Unatia D, gari linakaa kitambo ndipo linashtuka kama aliyeamshwa usingizini. Au injini inalia kwa nguvu na gari haliendi ipasavyo. Au gari linatetemeka likianza kuondoka, hasa baada ya kukaa kwenye foleni ndefu juani. Magari madogo mengi ya siku hizi hayana gia za meno za kupanda na kushuka. Yana mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili zinazopanuka na kubana. Mkanda huo huishi kwa oili yake maalumu, na oili hiyo ikichemka kupita kiasi, au ikichanganywa na oili ya giaboksi za kawaida, mkanda huteleza na kuzila puli. Ndiyo sababu nasema fundi wa barazani asiguse. Akishafungua na kumimina oili ya kopo lolote alilolikuta dukani, muuzaji atasema, "Nyie wenyewe mmeiua," na huenda akawa na haki.

Yupo mama mmoja, muuza vitenge, ambaye alinijia mwaka jana. Mimi ni karani wa parokia. Kazi yangu ni vyeti na madaftari, lakini watu huniletea na barua zao. Mama huyu alinunua Passo kwa zaidi ya shilingi milioni 10, sehemu akiba yake, sehemu mkopo wa kikoba ambao wenzake walimdhamini kwa majina yao. Juma la tano gari likaanza kutetemeka. Akaenda yadi. Kijana wa pale akamsikiliza huku akichezea simu, kisha akasema, "Mama, tatizo ni uendeshaji wako. Unakanyaga breki na mafuta pamoja."

Mama akamjibu, "Mwanangu, mimi nimeendesha Hiace ya gia za mkono kutoka Kariakoo mpaka Morogoro na mizigo juu. Leo ndiyo nisijue breki?"

Lakini maneno hayo hayakuandikwa popote, wala malalamiko yake hayakuandikwa. Akarudi nyumbani. Akaenda tena mara mbili, akaambiwa mwenye yadi amesafiri. Zilikuwa zimebaki siku 40 na kitu katika miezi yake mitatu, na kila siku aliyoambiwa "njoo kesho" ilikuwa inakatwa humo humo. Jambo hili wengi hawalioni. Njoo-kesho ni njia ya kale ya kuiua waranti bila kuikataa.

Tena msidhani ni tabia ya yadi zetu peke yake. Australia, kampuni ya Ford iliwaambia wateja wengi kwamba mtetemo wa giaboksi zake za PowerShift, katika magari ya Focus, Fiesta na EcoSport, ulitokana na uendeshaji wao. Mamlaka ya kulinda walaji ya nchi hiyo ikaipeleka mahakamani, na Aprili 2018 Mahakama ya Shirikisho ikaitoza dola milioni 10 za Australia kwa jinsi ilivyowatendea watu hao. Kwa hiyo mkiambiwa "umeendesha vibaya", ombeni lisemwe kwa maandishi, pamoja na kipimo cha mashine kilichoonyesha hivyo. Mara nyingi neno hilo hupungua ukali likitakiwa kuandikwa.

Kwa upande wa sheria, kwetu nako hatuko uchi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, huhesabu kwamba yapo masharti ndani ya mauzo hata kama hayakutajwa: mwuzaji ambaye biashara yake ni vitu hivyo, ukimweleza unakitakia kazi gani na ukategemea ujuzi wake, kitu hicho chapasa kufaa kwa kazi hiyo. Lakini sheria hiyo hiyo yataka mnunuzi aseme mapema. Ukikaa na kitu muda mrefu bila kusema kwamba unakikataa, utahesabiwa umekipokea, na baada ya hapo utabaki kudai fidia, si kukirudisha. Iko pia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, yenye sehemu nzima juu ya masharti hayo yasiyoandikwa katika mikataba ya walaji, na chini yake iko Tume ya Ushindani, FCC, inayopokea malalamiko. Kwa hiyo yale maneno mnayoyaona chini ya risiti nyingi za Kariakoo, "mali ikiuzwa hairudishwi", yasiwafunge midomo.

Barua niliyomwandikia yule mama ilikuwa hivi, nanyi mwaweza kuinakili:

"Mimi ni mwenye gari namba (…), nililonunua kwenu tarehe (…) kwa risiti namba (…). Mlinipa waranti ya miezi 3 ya injini na giaboksi. Tangu tarehe (…), gari likisoma kilometa (…), giaboksi inachelewa kushika na gari hutetemeka likianza kuondoka. Niliwaarifu kwa mdomo tarehe (…). Sijafungua wala kubadili kitu chochote. Naomba mlikague mbele yangu katika siku 7, na mlitengeneze bila malipo, au mnirudishie fedha yangu. Siku ambazo gari litakuwa kwenu zisihesabiwe katika waranti. Naomba mtie sahihi na muhuri katika nakala hii na kunirudishia."

Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba barua rasmi isiwe na hasira, nami naona mafundisho yale yanafaa hata kwa giaboksi. Msitukane wala msitishie. Andikeni tarehe, kilometa, na tabia ya gari, basi. Ambatisheni nakala ya risiti ya EFD. Asiye na risiti ana kazi kubwa mbele yake. Mkiweza, pigeni picha ya video gari likitetemeka, saa na kilometa zikionekana.

Mwenye yadi alirudi kutoka safari yake siku ya tatu baada ya barua. Gari likapimwa kwa mashine, giaboksi ikashushwa, ikawekwa nyingine iliyotumika. Walitaka mama alipe nusu ya ufundi, akakataa kwa kuwaonyesha karatasi. Nikamshauri adai jambo moja zaidi, nalo alilipata: karatasi mpya ya miezi 3 kwa giaboksi ile mpya, tangu siku ya kulichukua gari. Nauli za bajaji na ujira wa wapagazi kwa siku 19 hakurudishiwa, nami sikupendezwa, lakini mwenyewe alisema apumzike.

Yako mambo ambayo hakuna waranti itakayoyabeba, nayo ni haki yasibebwe. Ukipita Jangwani maji yamejaa, yakaingia katika giaboksi, oili hugeuka rangi kama maziwa yaliyotiwa rangi nyekundu, na fundi yeyote ataliona hilo mara akifungua. Pia gari la otomatiki likizimika njiani lisivutwe kwa kamba magurudumu yanayoendeshwa na injini yakizunguka chini. Ndani hakuna kinachosukuma oili wakati injini imezimwa, na vyuma husagana vikavu. Libebwe juu ya gari jingine, au yale magurudumu yanyanyuliwe. Ghali kidogo, lakini giaboksi ni ghali zaidi.

Kwa ndugu wa Mtaa wa Congo: umeandika kwamba waranti yako imebakiza siku 6. Usingoje gazeti la juma lijalo. Peleka barua kesho asubuhi, uende na mtu mmoja wa kushuhudia, na ukikataliwa sahihi mwache shahidi aandike jina lake na saa nyuma ya nakala yako. Kisha nakala hiyo iende FCC.

Aliyeuliza juu ya pikipiki ya mkopo iliyochukuliwa na wenye mkopo, barua yake nimeipata. Nitaijibu katika toleo lijalo.