Mvua Haijui Umelipa

Kila msimu wa masika, Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, vijana hujaa pale Archives katikati ya Nairobi, mabegi mgongoni, wakingoja matatu ya kukodi. Mmoja huangalia juu na kusema, "Si mvua imeisha? Twende." Mimi napinga upimaji wa hatari wa namna hiyo.

Anga ya Moi Avenue haikuambii chochote kuhusu korongo la Hell's Gate. Maji yake hutoka vilimani, mbali. Unaweza kuwa ndani humo bila tone kichwani na mafuriko yako njiani. Aprili 2012, vijana saba wa kikundi cha kanisa walifia humo. Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yakaua wengine, pamoja na mwongozaji wao, mtu aliyelijua korongo.

Hata barabara ya kwenda huko si salama. Tarehe 29 Aprili 2024, kabla ya alfajiri, maji yaliyokwama nyuma ya tuta la reli yalibomoka yakashukia Mai Mahiu. Watu zaidi ya 40 walikufa, wengi wakiwa wamelala.

Kwa hivyo usiulize kama kunanyesha. Uliza kumenyesha kiasi gani wiki hii, na wapi juu yetu. Udongo ukishashiba, mvua kidogo tu inatosha kuuporomosha. Uliza pia: maji yakija, tunapandia wapi?

Hayo maswali si magumu. Mbona basi hatuyaulizi? Ni pesa. Bango la safari linasema ukilipa, pesa hairudishwi. Mwandalizi ameshaweka dipoziti ya gari, wewe umeshatuma M-Pesa, na ukiandika "tuahirishe" kwenye kikundi cha WhatsApp unaitwa mwoga. Hapo hakuna anayepima hatari. Kila mtu anapima hasara yake.

Ninachodai ni hiki: uamuzi ufanywe Ijumaa jioni, utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa ukiwa mbele yetu. Safari ikiahirishwa, pesa ihamie tarehe nyingine. Mwandalizi akikataa, msimlipe.

Na tuache kusema ajali haina kinga. Hii iko na kinga: kubaki Kangemi Jumamosi moja, unakunywa chai, umeboeka kabisa, lakini uko hai.