UMEME WA USIKU WA MANANE NI HAKI YA NANI?

Maji ya mfereji yatokayo usiku hayamngoji mwenye kiu wa mchana. Ayatakaye huamka akayatia mtungini. Umeme nao haukai wayani ukasubiri. Basi, ndugu wananchi, mtungi wa umeme ni upi, na nani ana haki ya kuwa nao?

Tangu mwaka 1980 Unguja huletewa umeme kutoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na mwaka 2013 ukaongezwa waya mwengine wa megawati 100. Kila waya una kipimo chake. Baada ya magharibi, taa, feni, mafriji ya maduka na mashine za ubaridi za mahoteli huuvuta umeme kwa pamoja. Ufikapo usiku wa manane watu wamelala, na nafasi iliyomo wayani hukaa bure.

Mtungi tunaoutaka si siri ya wataalamu. Kila muuza samaki wa Darajani anaujua: ni barafu. Kilo 1 ya barafu ikiyeyuka humeza joto la kilojuli 334. Kwa hesabu hiyo, kilo 100 humeza joto ambalo mashine ya chumba kimoja, ya BTU 9,000, huliondoa kwa zaidi ya saa 3. Mashine na igandishe maji usiku, hewa ya nje imepoa na kazi yake ni nyepesi. Jioni izimwe, na feni ndogo ipitishe hewa penye mabomba yaliyopozwa na barafu ile. Muuza samaki na muuza maziwa hawahitaji hata feni. Sanduku lenye kuta nene zisizopitisha joto lawatosha.

Wala hizi si ndoto. Yako mafriji ya chanjo yenye kuta za barafu, ambayo hutunza dawa mchana na usiku kwa umeme wa saa 8 tu. Uingereza, mwaka 1978, ulianzishwa mpango wa kuuza umeme wa saa 7 za usiku kwa bei nafuu, na watu wa kawaida wakaweka joto la usiku katika matofali ya mashine za kupashia vyumba vyao. Ikiwa wao waliweka akiba ya joto kwa ajili ya baridi yao, sisi twazuiliwa na nini kuweka akiba ya baridi kwa ajili ya joto letu?

Twazuiliwa na bei. Kugandisha maji hutaka umeme mwingi zaidi kuliko kupoza hewa moja kwa moja, na hakuna sanduku lisilopitisha joto hata kidogo. Atozwaye usiku bei ile ile ya jioni atapata hasara, na hatakuwa mjinga akikataa. Jirani zetu wa Kenya, mwezi wa Disemba 2017, walipunguza kwa nusu bei ya matumizi ya ziada ya usiku. Lakini nafuu hiyo ilianza kwa viwanda na wafanyabiashara wakubwa. Mwenye kibanda hakuwamo.

Ati mdogo hana uzito! Jee, mzigo wa jioni umebebeshwa na hoteli moja? La, hasha. Umebebeshwa na maelfu ya nyumba na vibanda, na wao hao ndio wawezao kuupunguza. Waliokaa kizani kutoka Disemba 2009 hadi Machi 2010 hawahitaji kufundishwa thamani ya waya usioelemewa.

Kwa hiyo twasema wazi. Bei ya usiku iwe haki ya mwenye kibanda kama ilivyo ya mwenye kiwanda. Mita ya nyumba ndogo itambue saa za usiku na saa za jioni. Vyama vya ushirika vya wavuvi na wachuuzi vikopeshwe mashine na masanduku, wala wasiambiwe wasubiri mpaka wakubwa washibe.

Mfereji unatoka usiku kucha. Wananchi wapewe mitungi.